Taa Inayozimika Pamoja na Taa ya Oili

Msimbo wa hitilafu ni namba ambayo kompyuta ya gari huihifadhi pale inapokosa habari iliyokuwa ikiitarajia, au inapoipata ikiwa imevurugika. Ni hilo tu. Msimbo si jina la kifaa kilichoharibika, wala si amri ya kununua spea. Hauponyi na hauui. Ni kumbukumbu kwamba mahali fulani ndani ya gari swali liliulizwa na jibu halikuja.

Mwanangu Ramadhani,

Unanifahamu mama yako. Jambo likinielemea huanza kwa kuyaweka sawa maneno yake, kisha ndipo nithubutu kulitazama lenyewe. Sasa hivi uko Ihanja kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, na gari umekwenda nalo. Jua bado liko juu ya mawe makubwa yale yaliyo nyuma ya nyumba, na mashine ya kupimia magari iko hapa mezani, waya wake nimeukunja. Kesho alfajiri unahamia Dodoma kuendesha gari la Mzee Shabani, kubeba abiria kati ya huko na hapa. Kuhusu chumba, chakula, sala na marafiki sikuandikii. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na shangazi yako atayarudia yote kesho ukiwa umeshakaa kwenye usukani.

Nakuandikia juu ya breki.

Acha kwanza niseme unayoyajua, ili tusije tukabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Katika magari haya ya Kijapani ya miaka ya karibuni kila gurudumu lina pete ya chuma yenye meno, na kando yake sensa inayoyahesabu meno hayo yanapopita. Sensa hupeleka hesabu kwenye kompyuta. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu na gurudumu likataka kujifunga na kuburuzika, kompyuta huilegeza breki ya gurudumu hilo na kuibana tena, haraka kuliko mguu wa mtu yeyote, ili gurudumu liendelee kuzunguka na usukani uendelee kutii. Habari ya gurudumu moja ikipotea, kompyuta hujitoa. Inawasha taa ya njano kwenye dashibodi, inahifadhi msimbo, na inamwachia dereva breki za kawaida. Gari bado linasimama, kama yalivyosimama magari yote niliyopanda utotoni. Nimelisema hili kwa makusudi, kwa sababu sitaki kukutisha kwa jambo lisilo kweli. Juu ya changarawe breki za kompyuta hazina hata msaada mkubwa. Zinasaidia pale lami inapolowa, pale ng'ombe anapokatiza ghafla na dereva analazimika kukanyaga na kukata kona kwa wakati mmoja. Yaani zinasaidia mara chache sana. Lakini mara hizo chache ndizo watu huzisimulia baadaye, kama wamebaki wa kusimulia.

Nilipopunguzwa kazi pale chuo cha ufundi, pamoja na walimu wenzangu wengi, wewe ulikuwa bado unavaa kaptura ya shule ya msingi. Ruhusa ya kuagiza magari ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye uwezo. Mtu aliyekuwa anauza vitunguu stendi msimu uliopita alirudi kutoka bandarini na gari lenye kompyuta tatu ndani, na maelezo yake yote yameandikwa kwa Kijapani. Mafundi wa mji huu walikuwa hodari wa nyundo na spana. Mimi nilikuwa nimefundisha umeme nusu ya maisha yangu. Niliona pengo, nikatumia kiinua mgongo kununua mashine hii, nikaomba kona katika banda la Fundi Salum nyuma ya stendi. Yeye alikuwa chini ya magari, mimi nikawa ndani ya magari hayo hayo. Unakumbuka alivyokuwa akinitania kila asubuhi: "Mwalimu, hiyo redio yako leo imekamata stesheni gani?"

Nilikuwa na nadharia, na nadharia hiyo ndiyo kosa langu kubwa, kwa hiyo naiandika wazi. Niliamini kwamba watu wanaendesha magari mabovu kwa kuwa hawajui. Ukimwonyesha mtu kwa usahihi ni kitu gani kimeharibika na matokeo yake ni yapi, atachagua vizuri. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kanuni za umeme darasani. Na kwa kuwa kanuni za umeme hazikuwahi kunidanganya, sikuona sababu ya kuihoji na hii.

Kosa dogo lilitangulia. Mwalimu mkuu mmoja wa Iguguno aliniletea gari lake, mashine ikatoa namba ya sensa ya mbele kulia. Nikamwambia sensa imekufa. Akaagiza nyingine Dar es Salaam, nikaifunga, nikafuta namba, akaondoka. Taa ikawaka kabla hajafika kwake. Nikamwagizisha ya pili. Ikawaka tena. Mara ya tatu ndipo nilipoliinua gari kwa jeki, nikalishika gurudumu kwa mikono yangu na kulitikisa, nikasikia beringi ikicheza. Gurudumu lilikuwa linayumba, pete inasogea mbali na sensa, hesabu inapotea. Sensa zote tatu zilikuwa nzima. Namba ilikuwa imenitajia mlango ambao habari haikupita. Haikunitajia aliyeuziba, na mimi sikuwa nimeuliza. Tangu siku hiyo sikumwambia mtu tena kwamba mashine imesema hiki kimekufa. Nilisema: mashine imesema haisikii kutoka hapa. Ulipokuwa na umri wa kushika tochi nilikufundisha hivyo hivyo, na ulielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa chuo.

Kosa lile lilirekebishika. La nadharia halikurekebishika.

Mashine ina kazi mbili, kusoma msimbo na kuufuta ili taa izime kwa muda. Niliinunua kwa ajili ya kusoma. Mji uliniletea kazi ya kufuta. Hujasahau desturi yetu ya kununua gari hapa: mnunuzi haji peke yake, anakuja na mjomba au jirani anayesemekana kuyajua magari. Huyo mjuzi hafungui boneti. Anaketi kwenye usukani, anawasha, anaegemea dashibodi kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Taa zikizimika zote, anatoka na kusema, "Gari zima hili, mpe mtu haki yake." Ikibaki hata moja, bei inaanguka au watu wanaondoka. Kwa hiyo muuzaji mkweli huuza kwa hasara, na kila mwenye gari hujifunza somo lile lile. Wengine walibandika tepu nyeusi juu ya taa. Wengine waling'oa balbu. Waliokuwa na heshima zao walikuja kwangu kufutiwa, kwa kuwa kufutiwa na mwalimu kulionekana kama kutibiwa.

Yuko mtu mmoja ambaye nimemfikiria zaidi ya wengine. Ni mfanyabiashara wa alizeti wa Ikungi, mtu mtaratibu, mwenye akili timamu, aliyetaka kufutiwa taa ya breki kabla ya kuliuza gari lake. Siku hiyo hapakuwa na foleni. Nilimketisha kwenye benchi, nikachora gurudumu, pete, sensa na kompyuta kwenye kipande cha boksi. Nikampeleka uwanjani, nikamwonyesha kwenye kioo cha mashine jinsi mwendo wa magurudumu matatu unavyosomeka na la nne linavyosomeka sifuri huku linazunguka. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza hata lile ambalo wanafunzi hawakuwahi kuliuliza: kwa nini kompyuta isikisie mwendo wa gurudumu la nne kutokana na matatu yaliyobaki? Nilifurahi, mwanangu. Nilijibu kila swali. Mwishoni akasimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akasema:

"Mwalimu, Mungu akubariki. Tangu ninunue gari hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa namna hii."

"Sasa tufanyeje?"

"Sasa nimeelewa. Ifute."

Nilisubiri acheke, hakucheka. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa na binti wa kumpeleka shule na mnunuzi aliyekuwa anakuja mchana ule na mjomba wake. Kuelewa kwake hakukupungukiwa na chochote; kulikuwa kamili, kukakaa pembeni ya uamuzi wake bila kuugusa. Fundi Salum alikuwa amesikia yote kutoka chini ya lori. Alitoa kichwa akasema, "Mwalimu, umemfundisha bure na umemfutia kwa hela. Afadhali ungefanya kinyume." Tulicheka wote watatu, na mfanyabiashara alicheka kuliko sisi. Kisha nikabonyeza kitufe cha kufuta.

Nimekueleza hili ili ujue nilikuwa nimesimama wapi Mzee Shabani alipolileta gari lake. Yeye si mtu wa kulaumiwa peke yake. Alikutaka wewe uwe dereva wake kwa kuwa una mkono mwepesi na hulewi, na gari lilikuwa jipya kwake, la viti saba, rangi ya maziwa. Taa ya njano ilikuwa inawaka tangu bandarini. Tulilipima pamoja, wewe kwenye usukani, mimi nimeshika mashine magotini, tukizunguka polepole nyuma ya stendi. Mwendo wa gurudumu la nyuma kushoto ulikuwa unaruka. Unapanda, unaanguka hadi sifuri, unarudi. Hukukimbilia sensa. Ulisema, "Mama, hii inapotea kwa mpangilio, kila mzunguko mara moja. Kuna jino limekosekana." Tulipofungua tukaikuta pete imepasuka kwa kutu, ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa na furaha ambayo mzazi hapaswi kuwa nayo mbele ya gari bovu.

Pete hiyo haiuzwi peke yake. Inakuja na ekseli nzima, na ekseli ya gari lile hatukuipata Arusha, wala Dar es Salaam, wala kwenye magari yaliyokatwakatwa. Tuliita watu, tukauliza, tukasubiri. Mzee Shabani alisubiri kwa uvumilivu kuliko nilivyotegemea, kisha uvumilivu ukaisha.

"Mama Rama," aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa banda, "mimi nimenunua gari la abiria. Hii dashibodi inawaka kama nyumba ya harusi. Abiria wakiiona taa wanaanza kupiga shahada kabla hatujatoka stendi."

"Taa inasema kweli, Mzee Shabani."

"Sijasema ni mwongo. Nasema anaongea sana."

Wewe ulicheka. Mimi pia nilitabasamu, kwa sababu alikuwa amesema vizuri. Nilimfutia, na kila nilipofuta taa ilirudi baada ya gari kutembea kidogo, kwani ufa bado ulikuwepo. Akasema akishindwa kabisa atatafuta dereva mwenye fundi anayejua kuzima. Halafu wiki hii ukaniambia taa haiwaki tena, gari limetulia, Mzee amefurahi, unaondoka Jumamosi. Ulisema hivyo ukiwa unanawa mikono, umenipa mgongo.

Leo asubuhi ulipokwenda kunyoa niliomba uniachie gari. Nilitaka kulipima kwa mara ya mwisho. Ndiyo namna yangu ya kuaga. Nikachomeka mashine. Taa imezimika, na msimbo upo. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja kwenye gari ambalo halijaguswa. Kama balbu ingekuwa imeng'olewa, taa isingewaka kabisa ufunguo unapogeuzwa. Hilo hata mjomba wa mnunuzi siku hizi anaweza kuligundua. Lakini yako ilikuwa inawaka ufunguo unapogeuzwa, na kuzimika injini inapowaka, safi kabisa, kama ya gari zima. Nilizima. Nikageuza ufunguo tena bila kuwasha injini, nikasubiri. Taa ya breki iliyo nzima hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, injini iwashwe isiwashwe, kompyuta ikishajikagua. Yako haikujizima. Ilikaa pale ikiwaka kando ya taa ya oili, ambayo hungoja injini iwake ndipo izimike. Nilipowasha injini zilizimika zote mbili, kwa pumzi moja.

Nilifungua dashibodi. Ulikuwa umeukata waya wa taa ya breki na kuuunganisha na wa taa ya oili. Risasi ya kuungia waya umeiyeyusha vizuri, haina uvimbe, umeivisha mpira wa kuzuia umeme, umeufunga waya usicheze kwenye matuta. Hakuna fundi mwingine katika mkoa huu anayeunganisha waya namna hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine niliyemfundisha bandani. Niliitazama kazi hiyo kwa muda mrefu. Sikuona kasoro.

Uliporudi hukukana, nami nakushukuru kwa hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefungua dashibodi."

Ulivua kofia, ukaishika kwa mikono yote miwili. "Nilijua utapima."

"Ungeng'oa balbu tu."

"Ya kung'oa askari wa barabarani wanaijua. Mama, hiyo pete haipatikani. Tumetafuta wote. Nisingefanya mimi angefanya mwingine, tena angechoma waya zote. Na mimi najua breki zilivyo. Sitakimbiza."

"Najua hutakimbiza."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Nilikuambia nenda ukamuage bibi, tutaongea. Kabla hujarudi kutoka kunyoa nilikuwa nimekaa na koleo mkononi. Ningeweza kuukata ule waya kwa mkato mmoja, na sikuukata. Ningeukata, Mzee Shabani angeiona taa alfajiri na angempa dereva mwingine ufunguo; au wewe ungeurudisha ukifika Ikungi, safari hii kwa haraka na vibaya. Gari lingekwenda barabarani kwa vyovyote, kwa ufa ule ule. Kila njia niliyoifuata katika hoja hii ilinirudisha mahali pamoja, kama gurudumu lenye jino lililokosekana.

Basi nimejaribu kukujibu kwa kipimo, kama tulivyozoea. Taa ile ingemwambia nani, na nini? Wewe unajua tayari. Hukukosea uliposema hivyo. Abiria hawajui, lakini nimejifunza kwa mtu wa Ikungi kwamba wangejua bado wangepanda, kwa kuwa gari jingine halipo na msiba au mnada haungoji. Anabaki dereva atakayekuja baada yako. Siku ukiugua, siku Mzee akimpa mpwa wake gari, yule ataketi kwenye kiti chako na ataona taa ikiwaka na kuzimika kama inavyotakiwa. Atakanyaga breki kwenye lami iliyolowa akiamini kitu ambacho mikono yako imemwambia. Hukumwongopea kwa mdomo. Umeiachia dashibodi iongee badala yako, na utakuwa mbali. Mtu huyo mwambie. Naandika hili kama ombi. Amri sina tena, na nilipokuwa nazo sikuona zikibadilisha gari hata moja.

Mashine sikupi. Usinielewe vibaya: si uchoyo. Kadi yake ya kuyatambua magari imeshapitwa na yanayoingia sasa, nusu ya hayo haiyasomi. Na huko uendako watakuomba kazi ile ile moja, na utaifanya vizuri kuliko mimi. Nitaibakiza hapa. Salum ameshahamia kwenye pikipiki, banda litafungwa msimu huu. Pengine nitakuwa naichomeka kwenye gari la jirani mara moja moja nisome tu, bila kumwambia mtu nilichosoma.

Liko jambo moja limebaki, na sijalipatia jibu. Ulisema unajua, na mimi nilikubali kwamba unajua. Lakini nimefuta misimbo mingi, Rama, na nimeona kinachonitokea. Siku za kwanza nilipokuwa nafuta, niliendelea kujua. Nilipanda gari la mtu niliyemfutia, nikashika mlango kwa nguvu, nikahesabu umbali wetu na lori la mbele. Miezi ilipopita nilipanda magari hayo hayo, nikatazama dashibodi iliyo giza, nikalala usingizi. Hakuna siku niliyoamua kusahau. Taa haikuwapo ya kunikumbusha, na macho yangu yaliamini yalichokiona, ingawa nilichokiona nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe. Wewe una mkono bora kuliko wangu, na taa yako ni bora kuliko giza langu. Kila alfajiri itawaka mbele yako, itazimika pamoja na ya oili, na utaanza safari.

Nasikia gari kwenye kona. Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa mlango wa dereva, uikute ukiwa umeshavuka Manyoni, mahali ambapo barabara inaanza kuteremka.

Siku ile utakapogeuza ufunguo, ukaiona taa hiyo ikizimika na moyo wako ukatulia, ndani ya gari lile atakuwa amebaki nani anayejua?

Mama yako.